Wameniuzia CV ambayo wao wenyewe hawawezi kuisoma

Tovuti hii ya ajira ina matangazo mangapi au inafunguka kwenye simu gani, hayo utayaona mwenyewe. Mimi nimekuja kwa habari ya ile CV tu.

Wana violezo vya CV vya kulipia, yaani miundo iliyopangwa tayari, wewe unajaza tu. Nilichochagua kinapendeza, sikatai: safu mbili, kushoto lugha na ujuzi, kulia historia ya kazi, na juu kabisa jina na namba ya simu ndani ya mkanda wa buluu. Nikalipa, nikajaza, nikapakua PDF, kisha nikaenda kuomba kazi humo humo kwao. Ukipakia CV, mfumo unaisoma na kukujazia fomu. Sasa njoo uone nilichojaziwa! Mwajiri wa mwisho: "Kiingereza, Kiswahili, Excel". Cheo: "Machi 2019 hadi". Namba ya simu haipo kabisa. Jina la chuo limekatika vipande viwili, kimoja kimeangukia kwenye anwani, kingine kwa wadhamini.

Nikawaandikia huduma kwa wateja, nikaambatanisha picha ya skrini. Akaja mmoja na "Mpendwa mteja" yake ya kunakili. "Tatizo ni CV yako. Watafuta kazi wengi hawajui kuandaa CV. Tafadhali soma makala yetu kuhusu makosa ya kawaida." Nikamwambia, ndugu yangu, CV hiyo mmeniuzia ninyi. Kimya. Kisha: "Kuna lingine nikusaidie?" Kabla sijajibu kafunga mazungumzo, na papo hapo nikaletewa fomu ya kupima nimeridhika kiasi gani. Fundi akuuzie ufunguo, halafu akulaumu kwamba kufuli halifunguki!

Makala nikaisoma, kwa shari tu. Kilichonikera zaidi ni kwamba ni makala nzuri. Inaeleza kuwa programu nyingi za kupokea maombi husoma mstari kutoka kushoto hadi kulia, hivyo safu mbili huingiliana. Majedwali huvuruga mambo. Na maandishi ya kwenye kichwa cha ukurasa mara nyingi hurukwa. Kumbe simu yangu ilipotelea huko. Inashauri unakili CV nzima na kuibandika kwenye Notepad, ile programu ya maandishi matupu: ikitoka imevurugika, ujue na mashine inaona hivyo hivyo. Nikajaribu. Kweli tupu, "Excel" imekaa katikati ya jina la mwajiri. Yaani haya yote wanayajua, na kiolezo bado kipo sokoni.

Haki yao niwape. Sijakutana humo na mwajiri feki anayedai pesa ya usaili au ya sare, na arifa za kazi mpya zinaingia mapema, kabla waombaji hawajajaa. Kwa hilo nilikuwa tayari kuwapa nyota tatu. Halafu nikaona kitufe cha "Pandisha ombi lako", ulipie ili mwajiri akuone kwanza. Mkataba wa ILO (Shirika la Kazi Duniani) namba 181 wa mwaka 1997, ibara ya 7, unasema wakala binafsi wa ajira asimtoze mfanyakazi ada, iwe waziwazi au kwa mlango wa nyuma, ingawa nchi zinaruhusiwa kuweka misamaha. Najua watajitetea kwamba wao si wakala, ni tovuti. Haya. Nyota moja.

Ila ngoja. CV nimeiandika upya kwa kufuata makala ile: safu moja, herufi nyeusi, simu ndani ya ukurasa wenyewe, bila mapambo. Fomu ikajaa vizuri yenyewe, na juzi juzi nimepigiwa simu ya usaili kupitia kwao hao hao. Basi ziwe mbili, moja ya arifa, na nyingine ya aliyeandika makala, ambaye kama bado yupo humo apewe kitengo cha violezo pia akisimamie. Yule wa "Mpendwa mteja" simpi kitu.

Hela ya kiolezo hawajanirudishia.