Kibanda cha muvi Kilombero: dogo nampa nne kwa tano, mtafsiri nampa moja

Mimi ni dalali wa kondoo na mbuzi mnada wa Meserani. Jioni nikirudi Ngarenaro sina starehe nyingine zaidi ya muvi, kwa hiyo hapa Arusha, karibu na soko la Kilombero, wananijua. Meza moja, kompyuta moja, sabufa inayotetemesha bati, na dogo anayekuingizia muvi kwenye flashi kwa jero. Sizoni nzima buku tatu.

Wiki iliyopita nilimwambia nataka ya Kichina, yenye vita, iliyotafsiriwa. Akanipa ya An Lushan, yule jenerali wa China ya karne ya nane aliyemwasi mfalme wake, vipande 40, na kabla sijalipa akaichomeka kwenye runinga yake tuone kama inacheza. Vibanda vingi hawana muda huo.

Sasa mtafsiri. Kuchekesha anajua, sikatai. Lakini An Lushan kamfanya bonge tu, kila akitokea ni tumbo, tumbo, tumbo. Kweli jamaa alikuwa mnene kupindukia, na inasimuliwa kuwa mfalme alipomwuliza humo tumboni mna nini, alijibu mna moyo mwaminifu, basi. Ila hakufika ikulu kwa tumbo. Kipande cha pili kilinikalisha wima kwenye kochi: kumbe ni dalali mwenzangu! Dalali wa soko la mpakani, mama Mturuki, lugha sita kichwani, kila anayetaka kuuza au kununua lazima apitie kwake. Mimi ninazo tatu, Kiswahili, Kimeru na Kimaasai cha bei, na watu wananiita mjanja. Mtafsiri hapo anasema "anauzauza vitu sokoni". Vitu!

Halafu kondoo. Alikamatwa kwa wizi wa kondoo, akawa anangoja kupigwa hadi kufa, ndipo akampigia kelele kamanda Zhang Shougui: unataka kuwamaliza maadui wa mpakani, mbona unaua mwanaume kama mimi? Akaachiwa, akatiwa jeshini. Ukishaona mwizi wa kondoo akiletwa katikati ya mnada, utajua kwa nini nilisimamisha kula. Mtafsiri alikuwa anatangaza namba yake ya simu.

Usingizi ukakata, nikaingia kwenye simu kujisomea. Kufikia 751 Mfalme Xuanzong alikuwa kishamkabidhi majimbo matatu ya kijeshi kaskazini: Pinglu, Fanyang na Hedong. Mtu mmoja, majeshi matatu! Waziri mkuu Yang Guozhong akawa hampendi, akimchongea kwa mfalme kila siku kwamba ataasi. Desemba 755 akaasi kweli, akachukua Luoyang, na mapema 756 akajitangaza mfalme. Mtafsiri yeye anasema ni wivu wa mapenzi juu ya Yang Guifei, kipenzi cha mfalme. Mwanamke huyo wanasema alimfanya An Lushan mwanawe wa kupanga, hata wakamviringisha nguo za kitoto lijitu zima vile kwa mzaha. Nyota nzima nimemkata kwa huo wivu wake.

Kibanda nacho nakilaumu kwa kitu kimoja: kipande cha 37 kiligoma kufunguka, na ndicho cha kifo. Mwaka 757, macho yamepofuka, mwili vidonda vitupu, hasira zote anamalizia kwa watumishi. Mwanawe An Qingxu akala njama, na mtumishi aliyezoea kuchapwa ndiye aliyeingia usiku kumpasua tumbo kwa upanga. Nimeisoma tu, sijaiona.

Jumatatu nikarudi na uso wangu wa mnadani. Dogo: "Shikamoo mzee, lete flashi." Akarudishia bure, akaniongezea vipande vya Shi Siming, rafiki wa zamani wa An Lushan aliyemuua An Qingxu 759, naye akaja kuuawa na mwanawe 761. Mtafsiri ni yule yule. Nikamwuliza dogo kama anayo isiyotafsiriwa, yenye maandishi tu chini. Akacheka, akasema hiyo Kilombero hainunuliki.