Jua, Ardhi na Askari Wachache: Tathmini ya Mchezo wa The Battle for Wesnoth

Katika michezo mingi ya kompyuta yenye falme, panga na uganga, mchezaji humshambulia adui kwanza, kisha ndipo anapojua pigo lake lilikuwa na uzito gani. The Battle for Wesnoth umeupindua utaratibu huo. Kabla askari wako hajainua mkuki, dirisha dogo hufunguka na kukueleza atapiga mara ngapi, kila pigo likipata litapunguza uhai kwa kiasi gani, uwezekano wa pigo kupata ni asilimia ngapi, na adui naye atarudisha nini. Ukitaka zaidi, kipo kitufe kinachoonyesha hesabu kamili ya uwezekano wa kila mmoja wao kutoka hai. Nimeucheza mchezo huu kwa miezi kadhaa, na naamini kwamba uwazi huo ndio uamuzi bora kuliko yote waliyoyafanya waliousanifu.

Aliyeuanzisha ni David White, mwaka 2003, akiwa amevutiwa na michezo miwili ya zamani ya mashine ya Sega, Warsong na Master of Monsters. Tangu wakati huo umeendelezwa na watu wanaojitolea, chini ya leseni huria ya GPL, kwa hiyo toleo la kompyuta hupakuliwa bure, halina matangazo, wala halimshawishi mchezaji anunue silaha kwa fedha halisi. Hauhitaji kadi ya picha ya gharama kubwa. Kompyuta yangu mpakato, ambayo niliinunua kwa ajili ya kuandika barua na kujaza majedwali, inauendesha bila kukwama. Ukishausakinisha, kampeni zake, yaani mfululizo wa mapambano yanayosimulia hadithi moja, huchezwa bila intaneti, na kwa kuwa hali ya mchezo huhifadhiwa yenyewe kila zamu, umeme ukikatika hupotezi zaidi ya dakika chache.

Uwanja ni ramani iliyogawanywa katika vyumba vya pembe sita. Kiongozi wako husimama ndani ya ngome na kuandikisha askari kwa dhahabu. Dhahabu hutoka vijijini. Na kijiji kilekile kinachokupa kodi humponya askari aliyelala humo pointi 8 za uhai kwa zamu. Hakuna miji ya kujenga wala viwanda vya kusimamia. Anayependa kupanga uchumi wa dola kubwa hatatosheka hapa, na sidhani kama hilo ni kosa.

Utajiri wenyewe umo katika saa. Siku ya Wesnoth ina vipindi sita: alfajiri, asubuhi, alasiri, magharibi, kesha la kwanza na kesha la pili, na kila zamu huwa kipindi kimoja. Binadamu wa ufalme hupigana kwa nguvu iliyoongezeka asilimia 25 mchana na iliyopungua asilimia 25 usiku. Waorki, majitu ya kivita ya hadithini, na wafu ni kinyume chao. Waelfi wengi, viumbe wa msituni wa hadithini, hawaathiriwi na saa. Maelezo hayo yanaweza kuonekana madogo hadi uyafanyie hesabu. Mpiga mkuki wa daraja la kwanza, anayegharimu dhahabu 14, ana mapigo matatu, kila moja la pointi 7. Asubuhi kila pigo hufika 9, na usiku hushuka hadi 5, maana yake ni kwamba mtu yuleyule mwenye mkuki uleule anaweza kuondoa pointi 27 mchana na 15 tu usiku. Askari wa kawaida wa Waorki, ambaye hununuliwa kwa dhahabu 12, ana mapigo mawili ya 9, ambayo mchana huwa 7 na usiku huwa 11. Kutokana na tofauti hiyo vita vyote hujaa na kupwa kama maji ya bahari. Jua likichwea, mchezaji mwenye busara huwarudisha watu wake milimani na vijijini, huwaacha Waorki waje, huvumilia makesha mawili, na alfajiri ikifika huanza kuwasukuma waliochoka. Ilinichukua muda kuukubali ukweli huo, kwa sababu michezo mingine ilinizoesha kuamini kwamba anayerudi nyuma ameshindwa. Hapa, kurudi nyuma kwa wakati wake ni sehemu ya shambulio.

Ardhi nayo ina neno lake. Uwezekano wa pigo la kawaida kupata hautegemei ustadi wa anayepiga. Hutegemea mahali aliposimama anayepigwa. Binadamu aliye kwenye uwanda hukwepa asilimia 40 tu ya mapigo, na akiingia kwenye maji ya kina kifupi hukwepa asilimia 20. Waelfi wengi ndani ya msitu hukwepa kati ya asilimia 60 na 70, na yeyote aliyewahi kujaribu kuwafukuza humo anajua jinsi dhahabu inavyoteketea bila faida. Zaidi ya hayo, askari wengi wana eneo la udhibiti linalowazunguka, ambalo adui akiliingia hulazimika kusimama. Kwa hiyo watu wachache waliopangwa kwa nafasi zinazofaa wanaweza kuziba bonde zima. Sanaa ya kupanga mstari wa namna hiyo, hasa pale ambapo mto unamlazimisha adui kupigana akiwa majini, ndiyo iliyonifanya nikae macho usiku zaidi ya mara moja.

Lipo pia suala la aina ya silaha. Viunzi vya mifupa vya jeshi la wafu hupunguza pigo la kuchoma kwa ncha kali kwa asilimia 60, kwa hiyo mkuki wa pointi 7, kukiwa alfajiri au magharibi, huwafikia kwa pointi 3. Rungu na moto ndiyo dawa yao. Askari mzito mwenye rungu hutembea polepole mno na hugharimu dhahabu 19, lakini dhidi ya mifupa thamani yake hujionyesha waziwazi. Mganga wa moto, ambaye nimeona vyema nimwite hivyo kwa sababu neno mchawi kwetu hubeba uovu ambao mhusika huyu hana, hupiga mara tatu kwa nguvu ya 7, na mapigo yake hupata kwa asilimia 70 popote adui aliposimama, hata msituni. Udhaifu wake ni mwili wake: akiachwa mbele ya mstari usiku mmoja tu, hatafika asubuhi.

Hadi hapa nimeueleza kama mchezo wa mikakati, lakini kinachoushika moyo ni upande wake wa kulea wahusika. Kila askari ana jina, tabia zake na alama zake za uzoefu. Kupigana na adui humpa alama sawa na daraja la adui huyo, na kumwua humpa mara nane ya daraja hilo. Mpiga mkuki akipanda daraja, mchezaji humchagulia njia moja kati ya tatu, na papo hapo majeraha yake yote hupona. Askari waliosalia mwishoni mwa pambano huweza kuitwa tena katika pambano linalofuata kwa dhahabu 20 kila mmoja, aliyekufa amekufa. Basi kila zamu huleta swali lenye uzito: je, umpe pigo la mwisho shujaa wako aliyekwisha kukomaa, ambaye una hakika ya kutosha kwamba hatakosa, au umwachie mganga kijana anayehitaji alama nane tu ili apande, ukijua kwamba akikosa ataachwa peke yake mbele ya zimwi lenye hasira? Nilimpoteza hivyo mganga niliyemlea kwa mapambano matano, nikasikitika kwa dhati, na tangu siku hiyo nimekataa kuirudisha hali iliyohifadhiwa kwa ajili ya askari mmoja, kwa sababu hofu ya kumpoteza ndiyo inayofanya kumlea kuwe na maana.

Lawama kubwa inayotolewa dhidi ya Wesnoth ni bahati, na siwezi kuipuuza. Mapigo matatu yenye uwezekano wa asilimia 60 yanaweza kukosa yote kwa asilimia 6.4, jambo linalosikika kuwa adimu. Lakini katika pambano lenye mashambulio mamia, hilo litatokea mara nyingi, na litatokea siku usiyolitaka. Jibu langu ni kwamba mchezo umeitangaza hatari hiyo mapema, na mpangaji mzuri huacha akiba ya askari nyuma ya mstari. Mchezaji wa bao huona kete zote na hana bahati ya kulaumu. Huku nako unaona kila kitu, ila unatakiwa kupanga pia kwa ajili ya siku mbaya.

Kasoro ninazoziona kuwa nzito zaidi ni nyingine. Akili ya kompyuta hushambulia kwa pupa, mara nyingi bila kujali saa, na mchezaji akishajua hilo humvuta adui mchana mweupe na kumvunja kwa urahisi kupita kiasi. Pia kampeni ndefu huadhibu makosa kwa kuchelewa: unaweza kushinda kwa shida, ukabaki na dhahabu kidogo na wakongwe wachache, na usitambue hadi mapambano matatu baadaye kwamba umekwama. Mapambano ya mapangoni, ambako giza halitoki na binadamu hupigana na upungufu wao muda wote, yamenichosha. Uandishi nao haulingani, kwa kuwa kila kampeni ina waandishi wake.

Anayeanza namshauri acheze kwanza A Tale of Two Brothers, ambayo ina mapambano manne tu, kabla ya Heir to the Throne, safari ndefu ya Konrad, kijana mrithi wa ufalme, aliyelelewa na mzee Delfador miongoni mwa Waelfi. Aliyekwisha kuzoea aende Under the Burning Suns, jangwani kwenye majua mawili, ambako kalenda yote ya mchana na usiku niliyoieleza hapo juu inabidi kujifunzwa upya.

Watu wawili wanaweza pia kucheza kwa kompyuta moja, wakipokezana zamu. Mdogo wangu, ambaye hajawahi kumaliza kusoma maelezo ya mchezo wowote, aliwachukua Waorki nami nikawachukua binadamu. Katika pambano la kwanza alinijia asubuhi na jeshi lake likaisha kabla ya alasiri. Katika la pili alikaa upande wa pili wa mto, hakusogea zamu tatu, nikadhani amechoka, mpaka aliponyoosha shingo kutazama pembe ya skrini na kuniuliza, "Kaka, humo ndani sasa ni saa ngapi?" Ilikuwa magharibi.