Namba 2,147,483,647: ni kali kweli au jina tu?

Haya mambo vipi wadau, leo hakuna simu wala spika, mezani nina namba moja tu, 2,147,483,647, na kabla hujaskip subiri kidogo. Unaipata ukichukua 2 kwa kipeo cha 31 ukatoa 1, na kama unakodi unaijua, ndo mwisho wa int ya biti 32, yaani namba kamili kubwa kuliko zote inayoingia kwenye nafasi 32 za 0 na 1, moja ikiwa ya kuonyesha kama ni hasi au chanya.

Sasa ubora. Hii kitu ni namba tasa, haigawanyiki na chochote zaidi ya 1 na yenyewe, na aliyethibitisha ni mwanahisabati Euler, 1772, macho yenyewe yameshakaribia kwisha kabisa. Ungefanya kiholela ungejaribu kila namba tasa mpaka ufike kwenye kipeuo cha pili, kama 46,340 hivi, ni maelfu hayo, sasa mzee akaonyesha kwamba kama ina kigawo tasa basi hicho kigawo ukikigawa kwa 248 lazima kibaki 1 au 63, basi, zilizobaki hazizidi 372 za kujaribu na zote zikagoma. Mi hapo navua kofia. Ikakaa namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana mpaka 1867!

Najua kuna mtu atasema aah si uchukue tu ya biti 64, ile 9,223,372,036,854,775,807. Ni kubwa ndio, YouTube wenyewe walihamia huko 2014 views za wimbo wa PSY, yule msanii wa Korea, zilipokaribia kugonga ukuta wa namba yetu. Ila kihesabu ile ni mzigo wa kawaida sana. Kipeo chake ni 63, na 63 inagawanyika kwa 3 na kwa 7, kwa hiyo ile namba inagawanyika kwa 7 (2 kwa kipeo cha 3 toa 1) na kwa 127 (2 kwa kipeo cha 7 toa 1), fasta tu bila kalamu. Yetu kipeo chake ni 31, chenyewe tasa, japo hiyo peke yake haitoshi maana 11 nayo ni tasa na 2 kwa kipeo cha 11 toa 1 ni 2,047, ambayo ni 23 mara 89. Kwa hiyo kompyuta kuangukia namba tasa pale ni bahati tu, hakuna aliyepanga.

Kasoro ipo na si ndogo. Kwenye Java, ile lugha ya kukodi, ongeza 1 uone, inakurudishia -2,147,483,648, bila onyo lolote. Na mifumo ya zamani inayohesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa biti 32 inajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu za Afrika Mashariki, Jumanne hiyo, sekunde inayofuata saa inaruka nyuma mpaka Desemba 1901.

Kwa hiyo kwa hesabu naipa 9 kwa 10. Kwa kutunzia muda usinunue, chukua ile ya biti 64 hata kama inagawanyika kwa 7.