Rekodi za Dinu Lipatti: ipi ununue kwanza, ipi isubiri

Mtu akiniuliza aanze na nani kwenye piano, humtajia Dinu Lipatti, na sababu yangu ya kwanza ni ya mfukoni. Wapiga piano wengi wakubwa wa karne ya 20 waliacha makabati mazima ya rekodi, na ukianza kuwafuata pesa itakwisha kabla hujafika katikati. Lipatti aliacha kidogo. Alizaliwa Bucharest, Romania, mwaka 1917, akafariki Geneva tarehe 2 Desemba 1950 kwa ugonjwa wa Hodgkin, saratani ya tezi za limfu, akiwa na miaka 33. Kazi aliyoifanyia studio za kampuni ya Columbia ya Uingereza imebanwa kati ya mwaka 1947 na 1950. Ukinunua kwa subira, unaweza kuwa na karibu kila kitu chake.

Tatizo ni kwamba rekodi hizohizo zimetolewa tena na tena, na kampuni nyingi, kwa majalada tofauti. Rekodi za umri huo haki zake zimekwisha katika nchi nyingi za Ulaya, kwa hiyo yeyote mwenye santuri ya zamani na kompyuta anaweza kutoa CD. Nyingine zimesafishwa kwa uangalifu. Nyingine zimekwanguliwa kelele mpaka piano inasikika kama imefunikwa blanketi.

Tena wauzaji hupenda kumuuza kwa kifo chake. Onyesho la mwisho, mgonjwa jukwaani, machozi ukumbini. Yote yalitokea, na nitayafikia. Ila ukianzia hapo utakuwa unasikiliza ugonjwa, na mpiga piano mwenyewe atakupita. Nimepanga orodha hii ili umjue kwanza yeye.

Ya kwanza: Bach na Mozart, Geneva, Julai 1950

Kama una pesa ya CD moja tu, nunua hii. Mwaka huo Lipatti alipewa kotisoni, dawa mpya wakati ule na ya bei kubwa, na kwa majuma machache nguvu zikamrudia. Walter Legge, aliyekuwa msimamizi wake wa kurekodi, hakupoteza muda. Badala ya kumsafirisha mgonjwa hadi London, aliwapeleka mafundi na mitambo Geneva, na kazi ikafanyika kwenye studio ya redio ya huko. Ndani ya siku kama kumi hivi za Julai walirekodi Partita namba 1 ya Bach (mfululizo wa vipande vya dansi), Sonata K. 310 ya Mozart (kazi ya sehemu kadhaa; K. ni namba yake kwenye orodha ya kazi za Mozart), vipande vifupi vya Bach vilivyopangwa upya kwa piano, na walzi 14 za Chopin.

Sikiliza kipande cha mwisho cha Partita, kile kiitwacho Giga. Mkono wa kulia uko katikati unazungusha noti ndogondogo bila kupumzika, na wa kushoto unaruka juu yake, unagusa noti moja chini, moja juu, unarudi. Wengi hukipiga kama mchezo wa kuonyesha wepesi. Kwa Lipatti, zile noti zinazorukiwa zinaungana na kuwa wimbo, kana kwamba kuna watu wawili wanaoitana kutoka pande mbili za mto na kila mmoja anamsikia mwenziwe vizuri. Nimekirudia mara nyingi nikijaribu kusikia mahali mkono unapoharakisha kuvuka. Sijapasikia.

Sonata ya Mozart ni ya mwaka 1778, mwaka aliofiwa na mama yake akiwa Paris. Lipatti haongezi huzuni ambayo haimo. Anaiacha midundo ya mkono wa kushoto iende sawasawa, na hapo ndipo inapouma.

Utakutana pia na ile koralo (wimbo wa kanisani) ya Bach inayopigwa sana harusini Ulaya, iliyopangwa kwa piano na mpiga piano Myra Hess. Kwenye majalada ya Kiingereza inaitwa Jesu, Joy of Man's Desiring. Ikumbuke, maana tutakutana nayo tena.

Ya pili: walzi 14 za Chopin, zilezile siku za Julai

Ilinichukua muda kuamua kama hii iwe ya kwanza. Kwa msikilizaji ambaye hajawahi kukaa na piano peke yake kwa saa nzima, huenda ndiyo rahisi zaidi: vipande ni vifupi, na kila kimoja kina mwendo wa dansi unaoshikika haraka. Hakuzipanga kwa namba zilizo kwenye vitabu vya muziki. Alitengeneza mpangilio wake ili moja imwongoze msikilizaji kwenda nyingine, kwa hiyo usibonyeze kitufe cha kuchanganya nyimbo.

Mimi nilianza na santuri ya mtumba ya walzi hizi. Aliyeniuzia aliapa kwamba ni safi. Nilipoiweka ikatoa sauti ya mafuta yanayokaangiwa samaki, na kwenye walzi ya tatu sindano ikaganda ikawa inarudia mpigo uleule. Tangu hapo sinunui santuri ya zamani bila kuiinamisha kwenye mwanga na kuuangalia uso wake mfereji kwa mfereji. Mikwaruzo ya juujuu inavumilika. Ule unaohisika kwa ukucha, iache.

Ya tatu: Schumann na Grieg, pamoja na okestra

Hapa ndipo wengi huanzia, kwa kuwa koncheto hizi mbili (kazi za chombo kimoja na okestra) zinajulikana na mara nyingi huuzwa pamoja kwenye CD moja. Ya Grieg ilirekodiwa Septemba 1947, okestra ya Philharmonia ikiongozwa na Alceo Galliera. Ya Schumann ni ya Aprili 1948, Philharmonia ileile chini ya Herbert von Karajan. Nimeziweka ya tatu kwa sababu ya sauti tu. Enzi hizo walirekodi kwa sahani za mizunguko 78 kwa dakika, na kila upande ulibeba kama dakika nne. Muziki ulikatwa vipandevipande, kisha baadaye ukaunganishwa. Toleo zuri halikuonyeshi viungo hivyo. Toleo la ovyo utasikia hewa ya chumba ikibadilika ghafla katikati ya sentensi ya muziki, na okestra iko nyuma ya ukuta.

Ya Schumann ipo pia kutoka onyesho la Geneva la Februari 1950, okestra ikiongozwa na Ernest Ansermet. Sauti yake ni hafifu zaidi na vidole si safi kama vya rekodi ya London ya 1948. Ni ya mtu anayeipenda tayari ile ya 1948 na anataka kumsikia Lipatti akijiachia mbele ya watu.

Ukipata CD yenye kazi zake za London za piano peke yake, ichukue bila kusita: Sonata namba 3 ya Chopin ya Machi 1947, sonata mbili za Scarlatti, na Alborada del gracioso ya Ravel ya Aprili 1948. Hiyo ya Ravel ni ya dakika chache tu, lakini wale wanaodhani Lipatti alikuwa mpole muda wote waisikilize. Noti moja inarudiwarudiwa kwa kasi ya kutisha, kama mtu anayegonga mlango usiku, na kila mpigo una uzito wake.

Ya nne: Besançon, 16 Septemba 1950

Sasa ndiyo uinunue: onyesho lake la mwisho, mjini Besançon, Ufaransa. Kotisoni ilikuwa imeacha kumsaidia. Madaktari hawakutaka aende, yeye akasema ameahidi. Redio ya Ufaransa ilirekodi onyesho hilo, na unachokisikia kwanza ni kitu ambacho studio isingekiacha: kabla ya Bach, anapitisha vidole juu ya piano kwa mipigo michache laini, anajaribu chombo na kujituliza. Halafu inaanza Partita ileile ya Julai, ikifuatiwa na Mozart uleule, vipande viwili vya Schubert, kisha walzi.

Walzi zilipaswa kuwa 14. Alipiga 13. Ile ya mwisho nguvu haikumfikisha. Akatoka, akarudi, akapiga ile koralo ya Bach badala yake. Haimo kwenye rekodi, kwa hiyo ukiona muuzaji anaandika kwamba CD yake ina koralo ya Besançon, anachouza ni ile ya studio.

Kimuziki, Julai ni safi zaidi. Besançon ina kitu kingine, hasa kwenye Schubert, ambao kwenye studio hakuurekodi kabisa. Kimoja cha vile viwili, kiitwacho Impromptu namba 3, chenye wimbo mrefu juu na mawimbi madogo chini yake, ndiyo sababu yangu ya kutoiuza CD hii hata nilipokuwa nimebanwa.

Hii iangalie mara mbili: Koncheto namba 1 ya Chopin

Katika miaka ya 1960, kampuni ya rekodi ya EMI ilitoa santuri ya koncheto hii kwa jina la Lipatti. Watu waliisifu. Mwaka 1981 ikagundulika kwamba mpigaji alikuwa Halina Czerny-Stefańska wa Poland, mmoja wa washindi wawili wa shindano la Chopin la Warsaw la 1949, kutoka rekodi yake ya kampuni ya Supraphon ya Chekoslovakia. Baadaye ikatolewa ya Lipatti ya kweli: onyesho la Zurich la Februari 1950, okestra ya Tonhalle, kiongozi Otto Ackermann.

Santuri zenye jina lisilo sahihi bado zinazunguka kwenye mitumba. Niliwahi kutumiwa moja na muuzaji ambaye hakujua, au hakutaka kujua. Kanuni ni rahisi: jalada lisipotaja Zurich na Ackermann, si yake. Kama ni ya bei ndogo, inunue kwa heshima ya Czerny-Stefańska, anapiga vizuri sana. Usilipe bei ya Lipatti.

Boksi

Boksi la CD saba lililotolewa na EMI mwaka 2008 ndilo lenye faida kubwa kwa kila shilingi, na kama mna ndugu Ulaya anayerudi likizo, mwagizeni hilo. Halichukui nafasi kwenye begi. Sikuliweka juu kwa sababu moja. Anayenunua saba kwa mpigo huweka ya kwanza, anaruka ya tatu, na mwaka unaisha hajafungua nyingine. Anza na Geneva. Ukijikuta umeisikiliza kila jioni kwa juma zima, agiza boksi.

Kabla ya kulipa, kagua mambo mawili. Rekodi hizi zote ni za mono, yaani sauti moja isiyogawanywa kushoto na kulia. Santuri za miaka ya 1960 na 1970 zilizoandikwa kwamba zimegeuzwa kuwa stirio kwa mitambo zina mwangwi wa bandia, zikwepe. Pia usitafute sonata wala koncheto za piano za Beethoven. Lipatti alikuwa akikaa na kazi moja kwa miaka kabla ya kuiona iko tayari, na hizo za Beethoven hazikufika kwenye kipaza sauti.

Kwa atakayetaka kwenda mbali zaidi, zipo koncheto namba 21 ya Mozart kutoka Lucerne, Agosti 1950, pamoja na Karajan, na ya tatu ya Bartók ya mwaka 1948 chini ya Paul Sacher. Sauti si nzuri, ila zina thamani.

Moja ningependa usiikose: sonata za violini namba 2 na 3 za George Enescu, zilizorekodiwa Bucharest mwaka 1943. Violini ni ya Enescu mwenyewe, na piano ni ya Lipatti, ambaye Enescu alikuwa baba yake wa ubatizo. Kwenye sonata ya tatu mzee anateleza kati ya noti kama waimbaji wa vijijini kwao, na kijana haharakishi wala hangoji. Anaweka kila mpigo pale mzee anapotua.