Kliniki ya tezi dume jijini Dodoma: tathmini ya mteja wa mwaka wa tatu

Huu ni mwaka wa tatu mfululizo ninapima tezi dume katika kliniki moja isiyo mbali na soko la Majengo, hapa Dodoma. Jina lake silitaji kwa sababu nina ya kulaumu pamoja na ya kusifu.

Kilichonipeleka ni kaka yangu. Alikuwa mkulima wa zabibu kule Hombolo, na maumivu ya mgongo yalipomwanza aliyahesabu kuwa ya jembe, akayachua kwa dawa miezi mingi. Tulipomfikisha hospitali, saratani ilikuwa imekwishaingia kwenye mifupa. Baada ya mazishi daktari wake aliniambia waziwazi kwamba mwanamume ambaye baba au kaka yake ameugua, hatari yake huwa takribani mara mbili ya wengine, na kwamba sisi watu weusi ugonjwa huu hutupata zaidi na mapema zaidi, hivyo nisingoje dalili, kwa kuwa mwanzoni mara nyingi hazipo.

Huduma yenyewe ni ya utulivu. Unapochukua miadi, muuguzi anakuelekeza usiendeshe baiskeli wala kukutana kimwili na mkeo kwa siku mbili kabla ya kutoa damu, kwa sababu mambo hayo yanaweza kupandisha kipimo cha PSA, yaani protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu. Kuhusu kipimo cha kidole, pale daktari anapoipapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa, ambacho ndicho kinachowakimbiza wanaume wengi, nitasema yaliyonipata. Daktari, kijana wa umri wa mwanangu, alinipa shikamoo, akafunga mlango kwa komeo, akanieleza kila hatua kabla ya kuifanya, akanilaza ubavu wa kushoto magoti yakiwa yamekunjwa kuelekea kifuani. Haikufika dakika moja, na sikuumia.

Ubora wa kliniki hii niliuona mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza kipimo changu kilikuwa 2.1, mwaka uliofuata kikapanda hadi 5.4, ilhali wengi huchukulia 4 kuwa ndiyo mpaka wa kuanza kuangalia kwa makini. Usiku ule sikupata usingizi. Kesho yake daktari alifungua faili langu, akaweka karatasi mbili sambamba mezani, akasema kwamba kupanda kwa ghafla namna ile mara nyingi huwa na sababu nyingine, akaagiza mkojo upimwe. Yakakutwa maambukizi. Nilimeza dawa, nikarudi baada ya wiki sita, na kipimo kikasoma 2.4. Kama isingekuwepo ile karatasi ya mwaka wa kwanza, huenda ningepelekwa moja kwa moja kuchomwa sindano ya kutoa kinyama cha tezi. Mimi hupima kila mwaka kwa sababu ya kaka yangu. Wapo wenye kiwango cha chini wanaoambiwa warudi baada ya miaka miwili.

Ninamheshimu daktari huyu pia kwa kutonificha upande wa pili. Alinieleza kwamba saratani nyingine za tezi dume hukua polepole kiasi kwamba mzee hufa nazo bila kuuawa nazo, na kwamba matibabu yanaweza kumwachia mtu tatizo la kutoweza kuzuia mkojo au kupungukiwa nguvu za kiume, ndiyo maana baadhi ya wagonjwa hufuatiliwa tu. Alinitajia utafiti mkubwa wa Ulaya ambao, baada ya miaka 23, ulionyesha kwamba vifo vya saratani hii vilipungua kwa asilimia 13 miongoni mwa walioalikwa kupima. Uamuzi akaniachia mimi.

Lawama yangu ni ya mapokezi. Mwaka huu karani alisimama mlangoni akaita kwa sauti, "Wa tezi dume ni nani?", mbele ya benchi lililojaa wake kwa waume. Mzee aliyekaa pembeni yangu, mwenye kofia mkononi na kadi mpya kabisa, aliinuka akatoka, na hakurudi. Namba ya foleni ingetosha. Tena dirisha la kuchukulia damu hufungwa saa sita mchana, wakati anayetoka Mpwapwa au Kondoa kwa basi la asubuhi ndiyo kwanza anashuka stendi. Nimeyaandika yote mawili kwenye daftari lao la maoni, na mwezi Mei nitakapokwenda kupima tena nitaangalia kama yamerekebishwa.