Bruda ya elfu 65: hadibodi safi, balbu kaa nayo macho

Nilipowaambia majirani hapa Chikongola kwamba nakwenda kununua bruda, yaani vifaa vya kulelea vifaranga kwa joto, walicheka. "Mtwara na joto lote hili, unamuwashia kuku taa ya nini?" Hata mimi moyoni nilikuwa hukohuko, mpaka Julai ikaingia na kusi likaanza kuvuma usiku. Mtu mzima anavuta shuka, sembuse kifaranga wa siku moja asiye na manyoya, ana malaika tu! Wiki ya kwanza anataka nyuzi 32 hadi 35, halafu unamshushia kama nyuzi 3 kila wiki.

Duka lenyewe ni la dawa na vyakula vya mifugo, si mbali na soko kuu. Nikalipa sh. 65,000 nikapewa "seti kamili": vipande viwili vya hadibodi (ubao mwembamba unaokunjika) vya kuzungushia, balbu nyekundu ya wati 250 na holda yake, kipimajoto, drinka mbili za kunyweshea maji na sahani mbili za chakula. Vifaranga wangu 50, wa aina ya Sasso, walishuka kwenye basi la Dar wakiwa wazima wote, wanalia mpaka kondakta kachoka.

Hadibodi naisifu bila kinyongo. Kila kipande kina urefu wa futi 8 na kimo futi moja na nusu. Unaviunganisha kwa vibanio vya nguo unapata duara la mita moja na kitu. Duara ndiyo siri yake. Kifaranga akisikia baridi anajibanza na wenzake, na penye pembe wanarundikana, wa chini anakosa pumzi. Ila wiki ya pili mahali palishabana, ikabidi nitafute kipande cha tatu kwa fundi seremala, ambaye pia alinipa maranda ya bure gunia zima. Kipande hicho kilipaswa kuwemo kwenye seti.

Kipimajoto niliambiwa nining'inize ukutani. Nikaning'iniza, usawa wa macho yangu. Kikasoma 26, nikababaika, nikashusha balbu. Bibi wa nyumba ya pili alipokuja kuwaona akakitazama kile kipimajoto, akanitazama na mimi. "Mwanangu, vifaranga wanaishi huko juu?" Nikakishusha mpaka usawa wa migongo yao, kumbe chini pale ilikuwa 37! Ndiyo maana walikuwa wamejibanza ukingoni, midomo wazi. Tangu hapo nawasoma wenyewe kwanza: wakilundikana chini ya taa wana baridi, wakiikimbia wameungua, wakitawanyika wanadonoa na wengine wamelala wamejinyoosha kama walevi, niache nikapike.

Sasa balbu. Joto inatoa, hilo sibishi, lakini ikiwaka mchana na usiku inakula uniti 6 kwa siku, na muuzaji hakulitaja. Kibaya zaidi ni holda: ya plastiki. Siku ya pili niliona imeanza kulegea, na chini yake kuna maranda makavu. Nikaifunga waya wa ziada, nikalala nusu usingizi.

Usiku wa tatu, saa nane, umeme ukakatika. Nilipoamka alfajiri kundi zima lilikuwa fungu moja katikati. Wanne hawakuamka.

Asubuhi yake nikamfuata bibi, shikamoo haijaisha mdomoni ananipa chungu chake cha zamani kilichomeguka mdomo. Mkaa unawashwa nje mpaka ukolee na moshi uishe kabisa, ndipo unautia chunguni, unafunika kigae ukiacha upenyo, unakiweka juu ya matofali katikati ya duara. Dirisha nusu wazi, bibi alilirudia hilo mara tatu, maana mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua na mwenye nyumba. Nikitia saa nne usiku, alfajiri chungu bado cha moto. Kuanzia hapo balbu ikawa ya jioni tu.

Drinka ni nzuri, hazivuji, lakini kingo zake ni pana, vifaranga wanaingia kuoga na kutoka wamelowa wanatetemeka. Nilitia kokoto zilizooshwa, mambo yakaisha. Sahani za chakula ni sahani tu.

Nyota tatu kati ya tano. Ningeanza upya leo ningechukua hadibodi, drinka na kipimajoto, hela ya balbu ningenunulia mkaa na chungu.

Juzi nilirudi dukani na holda yangu iliyopinda. Kaka aliyeniuzia hakubisha wala hakuniongezea bei, akanipa ya kauri palepale. Lakini nilipokuwa natoka nikazitupia jicho seti nyingine alizopanga rafuni. Zote zina ya plastiki.