Kiti cha maboksi cha mtoto mwenye CP (mtindio wa ubongo), nakipa nyota 4 kati ya 5

Naona wazazi wengi mnauliza kiti cha mtoto mwenye mtindio wa ubongo mnunue wapi, vile vya kuagiza nje bei zake hazishikiki, basi ngoja niwaambie hiki cha maboksi. Ndio, maboksi yale yale ya dukani, wanayabandika tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga wa ngano iliyopikwa, wanaanika mpaka linakuwa gumu kabisa ndo wanapaka rangi na vanishi. Teknolojia yenyewe wanaiita APT (Appropriate Paper-based Technology, yaani kutengeneza vifaa kwa karatasi na maboksi), ilianzia Zimbabwe. Mama mkwe alikigongagonga kwanza, akakikalia yeye mwenyewe, ndo akaamini.

Uzuri kinatengenezwa kwa vipimo vya mtoto wako. Fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alimpima mwanangu paja, goti mpaka kisigino, upana wa nyonga, kwa hiyo akikaa nyonga na magoti vinakunja vizuri na nyayo zinakanyaga. Katikati ya mapaja kuna kigingi, maana wa kwangu misuli inakaza balaa, ukimkalisha kwenye kochi miguu inapishana kama mkasi halafu anateleza mpaka chini. Mkanda upite kwenye nyonga sio tumboni, hapo mkague fundi kabisa. Mbele kuna kimeza chenye mkato wa tumbo, akishaegemeza viwiko pale kichwa kinanyanyuka chenyewe, na uji sasa anakunywa akiwa wima, kupaliwa kumepungua mnoo, hela yangu imerudi hapo tu.

Kasoro zipo. Maji ndo adui yake, mkojo ukipenya kwenye mchubuko wa rangi kinavimba, mi natandika nailoni ya meza juu yake kanga. Halafu panya jamani! Gundi si unga, waliguguna kona ya nyuma ikabidi fundi azibe upya. Na usiagize masika, hakikauki. Nyota niliyokata ni ya fundi, alinizungusha weee simu hapokei.

Msimwache mtoto humo kutwa eti kwa vile katulia, fizio alisisitiza akae muda mfupi mfupi kisha ashuke mkekani, mazoezi yako palepale. Na kama wako ni mlegevu hajakaza shingo, sema mapema waweke egemeo la kichwa na mgongo wa kiti ulale nyuma kidogo, cha kwangu hakina.